Ben Doak: kinda wa pauni 600,000 aliyeuzwa kwa pauni milioni 20

Septemba 1, 2025, siku ya mwisho ya dirisha la usajili Uingereza, Bournemouth walimnunua winga wa Kiskoti Ben Doak kutoka Liverpool. Bei iliyotajwa magazetini ilikuwa pauni milioni 20, pamoja na nyongeza zinazoweza kuifikisha milioni 25. Mara watu wakakumbuka kwamba Liverpool wenyewe walimchukua kutoka Celtic ya Glasgow, Uskoti, mwaka 2022 kwa takriban pauni 600,000. Hukumu ya vijiweni ikatoka haraka: Celtic wameibiwa. Wengine wakapinga, wakasema wajinga ni Liverpool, wameuza jembe. Kundi la tatu likashikilia kwamba kijana bado ni wa Liverpool, kwa sababu kwenye mkataba kuna kipengele cha kumrudisha.

Hukumu zote tatu zimezaliwa na kosa moja, nalo ni kuchanganya mambo ambayo kwenye karatasi hayafanani: fidia ya malezi, ada ya uhamisho, mkopo, na haki ya kumnunua tena. Kijana huyu, ambaye siku hizi anatumia jina la Ben Gannon-Doak, alipitia yote manne kabla hajatimiza miaka 20. Ndiyo maana nimemchagua yeye na si mchezaji mwenye jina kubwa zaidi.

Kijana mwenyewe

Alizaliwa Novemba 11, 2005, na anatoka Dalry, mji mdogo wa Ayrshire, kusini magharibi mwa Glasgow. Ni winga wa kulia mwenye mbio, na tabia yake kubwa ni kumfuata beki badala ya kumkwepa. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaompima kwa mabao kana kwamba ni namba 9, mshambuliaji wa kati. Kazi yake ya kwanza ni kumvuruga beki wa kushoto wa upande wa pili mpaka mwenzake apate nafasi. Mabao yakija ni faida ya ziada.

Januari 29, 2022, akiwa na miaka 16, kocha wa Celtic wakati huo, Ange Postecoglou, alimwingiza dhidi ya Dundee United. Siku nne baadaye akampa dakika nyingine, safari hii dhidi ya Rangers, usiku ambao Celtic walishinda 3-0. Mtoto wa miaka 16 haingizwi kwenye dabi ya Glasgow kwa bahati mbaya. Kwa maoni yangu ulikuwa pia ujumbe kwake na kwa familia yake: njia ya kwenda kikosi cha kwanza iko wazi, baki. Hakubaki. Machi mwaka huohuo safari ya Liverpool ikawa imeiva.

Kabla ya kumlaumu, tazama waliokuwa mbele yake kwenye pembe za uwanja pale Celtic: Jota, Liel Abada, James Forrest, na Daizen Maeda aliyekuwa ametoka kusajiliwa. Ni kweli kwamba Liverpool foleni ilikuwa ndefu zaidi, maana upande wake alikuwapo Mohamed Salah. Lakini kijana anayesubiri kwenye foleni yoyote ile huangalia pia mshahara, viwanja vya mazoezi na makocha atakaowapata akisubiri.

Kinachouzwa ni miaka iliyobaki

Klabu haimmiliki mchezaji. Inachomiliki ni mkataba wenye tarehe ya kwanza na tarehe ya mwisho. Ada ya uhamisho, yale mamilioni tunayoyasikia kila dirisha, ni malipo ya kuiomba klabu iuvunje mkataba huo kabla ya tarehe yake.

Anayeijua Kariakoo anajua habari ya kilemba. Ukiitaka fremu ambayo mpangaji wake bado ana miaka minne kwenye mkataba, unakaa naye chini na kumpa kilemba ili akupishe. Fremu hiyohiyo, kama mkataba wa mpangaji unaisha mwezi ujao, unanyamaza, unasubiri, kisha unakwenda kuzungumza na mwenye nyumba. Mtaa ni uleule, ukubwa ni uleule, wateja ni walewale. Tofauti ni miezi iliyobaki. Kwenye soka klabu ndiyo mpangaji, na mwenye nyumba ni mchezaji mwenyewe.

Sasa mrudie Doak wa Machi 2022. Hakuwa amesaini mkataba wa kulipwa wa muda mrefu na Celtic. Celtic walitaka asaini, yeye hakutaka, na hakuna kanuni inayoweza kumshika mtu mkono aandike. Hapakuwa na kilemba cha kudai. Kama kipaji peke yake ndicho kingepanga bei, pauni 600,000 ingekuwa dhihaka. Lakini bei haikupangwa na kipaji, ilipangwa na karatasi ambayo haikuwapo.

Linganisha na Kieran Tierney, beki wa kushoto aliyelelewa Celtic vilevile. Mwaka 2017 alisaini mkataba wa miaka 6. Arsenal walipomtaka kiangazi cha 2019 bado ilibaki karibu miaka minne, na Celtic walikuwa na ubavu wa kukataa ofa mpaka dau likafika pauni milioni 25. Wote wawili ni watoto wa Celtic. Mmoja alikuwa na miaka 22 na mkataba mrefu, mwingine miaka 16 bila mkataba mrefu. Tofauti ya pauni milioni 24 na ushee inaanzia hapo.

Utasikia mtu akisema: basi wangemfunga kwa mkataba wa miaka 6 tangu akiwa mtoto. Haiwezekani. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Lengo ni kumlinda mtoto asije akauza ujana wake wote kwa saini moja. Upande wa pili wa ulinzi huo ni kwamba klabu iliyomlea hubaki na kamba fupi.

Zile pauni 600,000 zilikuwa za nini?

Zilikuwa fidia ya malezi. Si bei ya mchezaji. Ni malipo ya kurudisha sehemu ya gharama za kumfundisha, kumsafirisha na kumtunza alipokuwa mtoto. Kanuni za FIFA huhesabu malezi kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 21. Klabu hupangwa katika madaraja manne, na kila daraja lina gharama yake ya mwaka mmoja. Barani Ulaya daraja la juu ni euro 90,000 kwa mwaka na la chini ni euro 10,000. Miaka minne ya mwanzo, ya umri wa 12 hadi 15, hupigwa kwa kiwango cha daraja la chini kabisa hata kama mnunuzi ni klabu tajiri.

Piga hesabu hiyo kwa mvulana wa miaka 16 na hutafika pauni 600,000, hata ukizungusha vipi. Klabu zinaruhusiwa kukubaliana zaidi ya hapo, na mara nyingi hufanya hivyo ili zisifikishane mbele ya FIFA. Kwa hiyo kwa mizani ya fidia, Celtic hawakupata kidogo. Wanaosema waliibiwa wanapima fidia kwa mizani ya ada ya uhamisho.

Hapa huzuka swali jingine: kwa nini kanuni za FIFA ziingie kati ya Glasgow na Liverpool, miji iliyomo ndani ya dola moja? Kwa sababu katika soka Uskoti na Uingereza ni vyama viwili tofauti, kila kimoja na ligi yake na timu yake ya taifa. Kijana akivuka mpaka huo, uhamisho wake ni wa kimataifa kama vile angekwenda Hispania.

Ila kuna tofauti moja nzito, na ndiyo iliyoifanya Uskoti iwe shamba linalowindwa. FIFA inakataza kumhamisha kimataifa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Moja kati ya hizo ni uhamisho wa kijana wa miaka 16 hadi 18 ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa upenyo huo Arsenal walimchukua Cesc Fàbregas kutoka Barcelona mwaka 2003 akiwa na miaka 16. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja huo, upenyo ukazibwa: tangu Januari 2021 klabu za Uingereza haziwezi kwenda Barcelona, Lisbon wala Paris kuokota mtoto wa miaka 16. Lakini kanuni inaruhusu pia uhamisho wa umri huo kati ya vyama viwili vilivyomo ndani ya nchi moja. Maskauti waliokuwa wakizunguka Ulaya nzima wakaelekeza macho Glasgow, Edinburgh na Aberdeen. Doak aliondoka mwaka mmoja na miezi michache baada ya mlango wa Ulaya kufungwa, na sidhani kama hayo mawili hayahusiani.

Celtic nao wameshakula upande huu wa meza

Wakenya wanalikumbuka hili vizuri kuliko Waskoti wengi. Mwaka 2011 Celtic walimsajili Victor Wanyama kutoka Beerschot ya Ubelgiji kwa takriban pauni 900,000. Novemba 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa pale Celtic Park. Kiangazi cha 2013 Southampton wakalipa pauni milioni 12.5. Mkataba wake na Celtic ulikuwa bado na miaka miwili, kwa hiyo walikuwa na kitu cha kuuza. Siku ile hakuna shabiki wa Celtic aliyelia kwa niaba ya Beerschot.

Biashara ya makinda imekaa hivyo. Kila klabu iko katikati ya ngazi: inanunua kwa aliye chini na kuuza kwa aliye juu. Celtic wako juu ya Beerschot na chini ya Liverpool. Bournemouth siku hizi wako pahala pagumu kueleza, kwa sababu historia yao ni ndogo mno ukiipima na ya Celtic, lakini fedha za televisheni za Ligi Kuu ya Uingereza zimewapa mfuko ambao bingwa wa Uskoti hawezi kushindana nao.

Je, kuondoka mapema kunaua kipaji?

Hili hubishaniwa sana, na kila upande una jina lake la kutaja. Wanaosema ndiyo humtaja Islam Feruz, mshambuliaji wa familia ya wakimbizi wa Kisomali aliyekulia Glasgow, ambaye Tommy Burns wa Celtic aliipigania familia yake isifukuzwe nchini. Mwaka 2011 akiwa na miaka 16 alikwenda Chelsea. Akapelekwa kwa mkopo klabu baada ya klabu, na hakuwahi kuichezea timu ya wakubwa ya Chelsea hata mechi moja. Wanaosema hapana humtaja kiungo Billy Gilmour, aliyetoka Rangers kwenda Chelsea mwaka 2017 akiwa na umri uleule. Juni 2021 alikuwa mchezaji bora wa mechi Uskoti ilipotoka 0-0 na Uingereza Wembley kwenye Euro.

Mifano miwili haitoshi kuandika sheria, nami sioni kama ipo sheria. Ninachokiona ni kwamba swali la “aondoke au abaki” linaficha swali muhimu zaidi: huko aendako atacheza lini mechi za watu wazima, zile ambazo pointi zikipotea kocha anaweza kufukuzwa kazi? Hapo ndipo hadithi ya Doak inapokuwa na mafunzo.

Mwanzo ulikuwa wa kasi. Novemba 9, 2022, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 17, Jürgen Klopp alimwingiza dhidi ya Derby County kwenye Kombe la Ligi, na uwanja mzima ukainuka kila alipougusa mpira. Desemba 26 akaonja Ligi Kuu ugenini kwa Aston Villa. Septemba 2023 akaanzishwa kwa mara ya kwanza, Europa League, ugenini kwa LASK ya Austria. Desemba goti likaumia na msimu ukawa umekwisha kwa sehemu kubwa. Aliitwa kwenye kikosi cha Uskoti cha Euro 2024 bila kuwahi kuichezea timu ya wakubwa, kisha akajitoa kwa majeraha kabla ya mashindano.

Ukijumlisha, alicheza mechi 10 za mashindano akiwa na jezi ya Liverpool. Kumi tu, na hakuna hata moja ya mwaka 2024 au 2025. Sasa bei ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mkopo. Agosti 2024 alikwenda Middlesbrough, daraja la pili, chini ya Michael Carrick. Kwa wengi wetu neno mkopo lina harufu ya kutupwa: klabu haikutaki, inakusogeza pembeni. Kwa mchezaji wa miaka 30 mara nyingi ni kweli. Kwa kinda ni kinyume, ilimradi aende mahali anapochezeshwa. Mkataba wake unabaki kwa wenyewe, jezi na dakika anazipata kwingine, na kila wiki anaongeza thamani ya karatasi iliyo kabatini kwa klabu mama. Championship, yaani daraja hilo la pili, ina mechi 46 kwa msimu na mabeki wasiojali jina lako. Doak alicheza 24, akafunga 3 na kutoa pasi za mabao 7, kabla ya paja kumsimamisha Januari 2025.

Miezi hiyohiyo Uskoti nayo ikamtambua. Alicheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa Septemba 2024 dhidi ya Poland pale Hampden, uwanja wa nyumbani wa Uskoti. Lakini usiku uliompandisha bei ni wa Novemba 15, dhidi ya Kroatia. Upande wake alikuwapo Joško Gvardiol wa Manchester City, mmoja wa mabeki ghali kuliko wote duniani, naye kinda wa miaka 19 akamwendea mara baada ya mara bila adabu. Bao pekee la mechi, la John McGinn dakika za mwishoni, lilianza na mbio zake. Siku tatu baadaye huko Warsaw alimtengea McGinn bao jingine dakika ya tatu tu. Ukitaka kujua klabu za Ligi Kuu zilianza lini kumpigia Liverpool simu kwa bidii, anzia wiki hiyo.

Kumuuza bila kumwachia

Kwa nini basi Liverpool wamuuze? Salah alikuwa amesaini mkataba mpya Aprili 2025, na kinda aliyekwisha kuonja mechi za kila wiki hawezi kurudishwa benchi akatulia. Halafu kuna vitabu vya hesabu. Ligi Kuu ya Uingereza iliziwekea klabu kikomo cha hasara, pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na mchezaji aliyeingia kwa laki sita akatoka kwa milioni ishirini anaonekana vitabuni kama faida karibu tupu. Kumuuza winga wa milioni 60 uliyemnunua mwaka jana hakukupi nafuu ya namna hiyo.

Waliobaki na shaka walipewa dawa iitwayo haki ya kumnunua tena. Hapa ndipo kundi la tatu la vijiweni hukosea. Haki hiyo haiwafanyi Liverpool kuwa wamiliki wa mkataba. Mshahara wanalipa Bournemouth, mkataba ni wa Bournemouth, uamuzi wa kumpanga au kumweka benchi ni wa Bournemouth. Liverpool wana ruhusa tu: wakimtaka, kwa masharti yaliyoandikwa, Bournemouth hawawezi kukataa. Wasipomtaka, ruhusa inapita zake. Na hata wakiitumia, mchezaji mwenyewe lazima akubali kusaini. Hakuna anayelazimishwa kurudi.

Sioni ujinga wa Liverpool hapo. Naona klabu iliyouza ikiwa haina uhakika, ikaweka bima.

Baada ya hapo alicheza wiki moja ya Novemba 2025 ambayo ina sura yote ya maisha yake ya soka hadi sasa. Tarehe 15 alifunga bao lake la kwanza kwa Uskoti, ugenini Ugiriki, kwenye mechi waliyofungwa 3-2. Tarehe 18 dhidi ya Denmark, Hampden, krosi yake ya dakika ya tatu ikamkuta Scott McTominay aliyeruka na kupiga tikitaka ambayo bado inarudiwa kwenye simu za watu. Kabla ya mapumziko Doak akatolewa kwa machela, msuli wa nyuma ya paja umekwisha. Wenzake wakashinda 4-2 na Uskoti ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998.

Majeraha hayo ndiyo hoja pekee ya maana ya wanaosema milioni 20 ilikuwa nyingi. Goti, paja, na paja tena, kwa mchezaji ambaye kila kitu chake kimejengwa juu ya mbio. Ninawaelewa.

Na Celtic, imekwisha?

Haijaisha. Kuna malipo ya mwisho ambayo hayasikiki vijiweni: mchango wa mshikamano. Kila mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tangu mwaka 2020 hii inahusu hata mauzo kati ya klabu mbili za chama kimoja, kama Liverpool na Bournemouth, ikiwa klabu ya malezi iko chama kingine. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya ada. Kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 una nusu asilimia. Kwenye pauni milioni 20, robo asilimia ni pauni 50,000 na nusu asilimia ni 100,000.

Fedha hizo hukatwa kwenye ada ileile, kwa hiyo mnunuzi haongezi kitu, na muuzaji ndiye anayepokea pungufu. Fidia ya malezi hukoma mwishoni mwa mwaka ambao mchezaji anatimiza miaka 23, yaani 2028 kwa Doak. Mchango wa mshikamano hauna ukomo wa namna hiyo. Akiuzwa tena akiwa na miaka 30, kwa miaka ile aliyokaa kwao tangu alipokuwa na miaka 12, Celtic watadai chao.